Neno Lililovuka Boma

Kichomi hakibishi hodi. Mtu yuko shambani na jembe lake, mara kitu kinamchoma ubavuni kama ncha ya kisu, pumzi inakatika, anainama na kushika mbavu. Miaka elfu moja iliyopita, huko Uingereza, alikuwepo mganga aliyejua dawa ya kichomi cha namna hiyo. Jina lake halikuandikwa, lakini dawa yake iliandikwa katika kitabu cha kurasa za ngozi ambacho leo kimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, London, kwa namba Harley 585. Kitabu hicho ni cha mwishoni mwa karne ya 10 au mwanzoni mwa karne ya 11. Sehemu yenye dawa hiyo inajulikana kama Lacnunga, yaani Matibabu, jina lililotolewa na mhariri wake, Oswald Cockayne, katika miaka ya 1860.

Dawa yenyewe haina makuu. Inahitaji mimea mitatu: mmoja ambao jina lake la Kilatini maana yake ni kifukuza homa, wa pili ni upupu mwekundu unaoota kwenye nyumba, na wa tatu ni ule wenye majani mapana unaoota kandokando ya njia. Yote inachemshwa katika siagi. Kazi kubwa imo katika maneno ya kutamka. Mganga anasimulia habari za wanawake wenye nguvu waliopita kwa kishindo juu ya kilima, wakaipanga nguvu yao na kuvurumisha mikuki yenye mlio. Yeye alisimama chini ya ngao yake, naye akajiandaa kuwajibu kwa mshale. Mhunzi anatajwa, amekaa anafua kisu. Kisha wahunzi sita, wanafua mikuki ya vita. Halafu mganga anaugeukia mwili wa mgonjwa na kuuamuru ule mkuki usioonekana utoke, na kama ndani kuna kipande cha chuma, kiyeyuke. Anawataja wote wanaoweza kuwa wamekirusha: miungu wa kale, pepo wa porini walioitwa ylfe, na wa tatu, hægtesse. Mwisho anachukua kisu na kukichovya katika dawa.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana. Sisi nasi husema fulani ametupiwa, na wala hatuulizi alitupiwa kwa mkono gani. Kinachonivutia mimi ni huyo wa tatu, hægtesse. Neno hili lilikufa zamani. Limebaki kisiki chake tu, neno fupi la Kiingereza cha leo, hag, ambalo ni tusi kwa mwanamke mzee mwenye sura isiyopendeza. Kati ya wale wanawake wa kilimani waliotikisa nchi na bibi kizee anayetukanwa sokoni kuna safari ya miaka zaidi ya elfu, na njiani watu wengi walipoteza maisha.

Ushahidi wa zamani zaidi wa neno hili umo katika orodha za maneno. Watawa wa Uingereza waliokuwa wakijifunza Kilatini waliandika neno la Kilatini upande mmoja, na upande wa pili wakaweka neno la kwao lililokaribia maana yake. Walipokutana na wale miungu wa kike wa kisasi, ambao Warumi waliwaita Furia, wakaandika hægtesse. Walipokutana na striga, yule mwanamke-ndege wa usiku ambaye Warumi waliamini ananyonya damu ya watoto wachanga, wakaandika hægtesse. Walipofika kwa pythonissa, mwanamke mwenye pepo wa kuagua, jina ambalo Biblia ya Kilatini inampa yule mwanamke wa Endori aliyeendewa na Mfalme Sauli usiku, hapo pia neno lilikuwa lile lile.

Mtawa aliyeandika hivyo hakuwa mvivu. Alikuwa na neno moja kubwa la nyumbani, na mbele yake kulikuwa na viumbe watatu wa kigeni: mmoja mungu, mmoja nusu ndege, mmoja binadamu. Hægtesse aliwatosha wote, maana katika mawazo ya watu wa wakati huo mpaka kati ya binadamu na asiye binadamu haukuwa mahali ulipo leo. Alikuwa mwanamke, naam, lakini mwanamke wa namna ambayo hungemtaja kwa jina la mume wake wala kuonyesha nyumba yake.

Asili ya neno imewashughulisha wanaisimu kwa muda mrefu. Wengi wanaona kipande cha kwanza, hag, ndicho kile kile cha haga, neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya ua, wigo, mahali palipozungushiwa miti au miiba. Mti wa miiba unaopandwa kuzunguka mashamba ya Uingereza unaitwa hawthorn, yaani mwiba wa boma. Ndugu wa neno hilo yuko Uholanzi, na Waafrika Mashariki wanamfahamu bila kujua: mji wa The Hague, ambao Wakenya waliutaja kila siku kuanzia mwaka 2011 kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilipokuwa zikisikilizwa, jina lake kamili la Kiholanzi ni 's-Gravenhage. Maana yake ni boma la bwana mkubwa.

Kwa nini boma? Hebu tufikirie kijiji cha Ulaya ya kaskazini kabla ya miji mikubwa. Ndani ya ua kuna nyumba, mifugo, moto na watu wanaofahamiana. Nje kuna msitu, mbwa mwitu, na mhalifu aliyefukuzwa ambaye yeyote aweza kumuua bila kosa. Mzee wa Kimasai au wa Kisukuma aliyefunga boma la miiba jioni, ng'ombe wakiwa ndani na fisi wakisikika nje, anaijua mantiki hiyo kwa mikono yake. Ua ni sheria iliyosimamishwa ardhini. Aliyeko ndani ni wetu, aliyeko nje si wetu, na anayekaa juu yake, mguu mmoja huku na mmoja kule, huyo ndiye wa kuogopwa. Aliyekulia Usukumani amesikia habari za mchawi anayepanda fisi usiku. Naye hapandi punda wala ng'ombe wa zizini. Anapanda mnyama wa upande wa pili wa miiba.

Majirani wa Waingereza walilisema jambo hili waziwazi zaidi. Katika lugha ya kale ya Skandinavia mwanamke wa namna hiyo aliitwa túnriða, yaani mpanda ua. Neno tún ni ndugu wa town la Kiingereza, mji, na ndugu yake wa Kijerumani, Zaun, mpaka leo maana yake ni uzio. Katika shairi la kale la Kinorse liitwalo Hávamál, mungu Odin anajigamba kwamba anajua maneno ya kuwavuruga wapanda ua wanaocheza angani hadi wasione njia ya kurudi katika miili yao. Na katika sheria ya kale ya jimbo la Västergötland, Sweden, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 13, moja ya matusi yaliyoadhibiwa lilikuwa kumwambia mwanamke kwamba alionekana amepanda lango la zizi, nywele zikiwa zimefumuliwa, ana umbo la zimwi, wakati usiku na mchana umelingana. Si kosa la kupanda lango lililoadhibiwa hapo, bali kusema kwamba fulani alilipanda. Wale wakulima wa Sweden walikuwa wameshaelewa ni hatari kiasi gani kumbandika jirani jina la kiumbe cha uani.

Kipande cha pili cha hægtesse ni kigumu zaidi. Wengine wanakihusisha na tysja, neno la lahaja za Norway la kumtaja mwanamke wa kijini. Wengine wanakwenda mbali zaidi, hadi kwa Wagauli wa kale, ambao Mtakatifu Augustino aliandika kwamba walikuwa na pepo walioitwa dusii, waliosemekana kuwajia wanawake vitandani. Ikiwa ndivyo, basi hægtesse alikuwa pepo wa boma, jini la mpakani. Kuna wanaisimu wasiokubali hata sehemu ya ua. Mimi naegemea upande wa ua. Watu wa jamii moja ya lugha, waliotenganishwa na bahari, wanapomtaja kiumbe kile kile na kila mmoja akaweka ua katika jina lake, ni vigumu kuamini kwamba ua huo umeingia kwa bahati tu.

Ndugu wa karibu kabisa wa hægtesse alikuwa Ujerumani. Huko aliitwa hagazussa, na kwa kadiri midomo ya watu ilivyolifupisha neno likawa Hexe. Waholanzi wakasema heks. Hili ndilo neno lililosomwa katika mahakama za nchi za Wajerumani, ambako watu wengi zaidi walihukumiwa kwa uchawi kuliko mahali pengine popote Ulaya. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1450 na 1750 waliouawa Ulaya nzima kwa hukumu za namna hiyo walikuwa kati ya 40,000 na 60,000, na sehemu kubwa yao walikuwa wanawake. England peke yake wanakadiriwa kuwa mia tano hivi. Jina la jini la mpakani lilikuwa limegeuka kuwa shitaka.

England neno la mahakamani halikuwa hægtesse. Kulikuwa na neno la pili, dogo na la kawaida zaidi, lililotamkwa wicha kwa mwanamume na wiche kwa mwanamke, ingawa liliandikwa wicca na wicce. Hili ndilo lililozaa witch. Siku hizi wapo wanaosema kwamba maana yake ya asili ni mwenye hekima. Inapendeza kusikia, lakini wanaisimu hawaikubali. Neno la hekima lina mzizi wake mwingine. Jacob Grimm, yule mkusanyaji mashuhuri wa ngano za Kijerumani, alilihusisha na neno la utakatifu. Wengine wanalihusisha na wigle, yaani kupiga ramli. Calvert Watkins, mwanaisimu wa Marekani, alilirudisha kwenye mzizi wenye maana ya kuwa macho na kuamsha, hivyo wicca angekuwa mtu anayewaamsha wafu.

Maelezo hayo ya mwisho yana shahidi wa ajabu. Ælfric, abati wa Eynsham na mwandishi mashuhuri wa mahubiri aliyeishi karibu na mwaka 1000, alilalamika kwamba wachawi wa siku zake huenda kwenye njia panda na kwenye makaburi ya wapagani, wakamwita shetani, naye huwajia kwa sura ya marehemu kana kwamba amefufuka. Ælfric hakuwa mwanaisimu; alikuwa akiwakemea waumini wake. Lakini alichokiona kwa wicce ni kitu ambacho mtu mwenye miguu hukifanya: huenda njia panda, husimama kaburini, hurudi nyumbani asubuhi. Huyu anaweza kufuatwa, akaviziwa na kukamatwa.

Na sheria ilimkamata. Mfalme Alfred, alipoandika sheria zake karibu na mwaka 890, alianza kwa kutafsiri amri za Musa. Alipofika Kutoka 22:18, ambapo Biblia ya Kilatini inawataja wafanya uovu kwa umbo la kiume, yeye aliwataja wanawake wenye mazoea ya kuwapokea wenye maneno ya uganga, wafanya mazingaombwe na wiccan, akaamuru wasiachwe hai. Mwanamke anayefungua mlango akawa na hatia pamoja na mgeni wake. Mfalme Cnut naye, karibu na mwaka 1020, aliagiza wiccan wafukuzwe nchini pamoja na wauaji. Hægtesse hamo katika amri hizo. Utamshitakije aliyepita juu ya kilima kwa kishindo? Utampelekea wito wa mahakama wapi?

Kuna hati moja ya karne ya 10 ambayo kila nikiifikiria inanikosesha raha. Ni hati ya kubadilishana ardhi kati ya Askofu Æthelwold na mtu aliyeitwa Wulfstan, ya kati ya mwaka 963 na 975, na katikati yake imewekwa habari fupi ya namna shamba la Ailsworth, karibu na Peterborough, lilivyomfikia Wulfstan. Zamani shamba hilo lilikuwa la mjane na mwanawe. Wakadaiwa kwamba walipigilia misumari ya chuma kwenye sanamu ya Ælfsige, baba yake Wulfstan, ili kumdhuru. Sanamu ikatolewa chumbani kwa mjane. Mwanamke akachukuliwa, akazamishwa mtoni penye Daraja la London. Mwanawe alitoroka akawa mtu asiye na ulinzi wa sheria. Shamba likaenda kwa mfalme, na mfalme akampa Ælfsige.

Aliyesema amelogwa ndiye aliyepata shamba. Mwandishi wa hati haoni ajabu yoyote hapo. Anaandika tu uhalali wa umiliki, kama wakili anavyoandika mipaka ya kiwanja. Jina la mjane halikutajwa.

Baada ya Wanormani kuiteka England mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilishika ofisi na mahakama, na Kiingereza kikabaki jikoni na shambani. Kiliporudi kwa nguvu katika maandishi kilikuwa kimepoteza viambishi vingi vya mwisho. Wicca wa kiume na wicce wa kike wakawa neno moja lisilobagua jinsia, kama mchawi wetu. Hægtesse alipatwa na makubwa zaidi. Inaelekea watu walidhani silabi za mwisho ni kiambishi tu, wakazikata, na kufikia karne ya 13 kilichobaki ni hagge. Mwanzoni hagge bado alikuwa pepo mbaya mwenye sura ya kike, lakini baada ya muda pepo akaondoka, sura ikabaki.

Shakespeare alilikuta neno hili likiwa katikati ya mabadiliko hayo. Katika Macbeth, mchezo wa karibu na mwaka 1606, wale wanawake watatu wanamtabiria mwanajeshi ufalme na wanatoweka kama mvuke. Bado wana kitu cha wanawake wa kilimani. Lakini miili yao imenyauka, nguo zao ni za ovyo, wana ndevu, na Macbeth mwenyewe anapowatupia neno hag linasikika kama tusi, si kama jina la mwenye mamlaka.

Usiku ndipo hag alipobaki na uwezo wake wa zamani. Waingereza walisema mtu anayeamka hawezi kusogea wala kupiga kelele, kifua kimekandamizwa, amepandwa na hag. Ni jinamizi hasa. Wakulima walitundika mawe yenye tundu la asili katika mazizi ya farasi ili hag asije kuwapanda usiku na kuwaacha asubuhi wametota jasho. Wavuvi kutoka magharibi mwa England waliohamia Newfoundland, Kanada, waliondoka na imani hiyo. Mtafiti David Hufford aliikuta huko bado inasimuliwa, akaiandikia kitabu mwaka 1982. Madaktari leo wanalieleza jinamizi hilo kama kupooza kwa muda wakati akili imeamka na mwili bado umelala. Mtu aliyepatwa nalo hupata faraja kidogo katika maelezo hayo. Usiku wenyewe anachojua ni kwamba kuna mtu kifuani pake.

Mwaka 1584 mtu mmoja wa Kent, Reginald Scot, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu cha kilimo cha hops, mmea unaotiwa kwenye bia, alitoa kitabu kikubwa cha kupinga mashitaka ya uchawi. Alikuwa amewatazama waliokuwa wakikamatwa katika vijiji vya kwao. Walikuwa wazee, akaandika, viwete, maskini, nyuso zao zimepauka na kujaa mikunjo, macho yao yamevimba na kutoa machozi. Wanazunguka nyumba hadi nyumba wakiomba maziwa au uji, wakinyimwa wananung'unika, na likitokea baya lolote baadaye, mnung'uniko unakumbukwa. Scot hakuandika kama mtu anayefanya mzaha. Alikuwa na hasira ya mtu anayewafahamu anaowatetea.

Haikusaidia. Mwezi Machi 1612, katika eneo la Pendle huko Lancashire, msichana aitwaye Alizon Device alimwomba mchuuzi wa njiani pini. Mchuuzi akakataa, wakaachana. Muda mfupi baadaye mchuuzi alianguka, upande mmoja wa mwili ukapooza. Daktari wa leo angetambua kiharusi. Mganga wa Lacnunga, miaka mia sita kabla yake, angesema amepigwa na kitu kisichoonekana, angechemsha majani yake katika siagi na kuelekeza mkuki wake kilimani, na kilima kirefu cha Pendle kilikuwepo pale pale, kinaonekana kutoka kila upande. Lakini kilimani hapakuwa tena na mtu. Mshale ulikuwa lazima utoke kwa aliyeomba pini.

Kutoka kwa msichana uchunguzi ukapanda hadi kwa bibi yake, Elizabeth Southerns, aliyejulikana kwa jina la Demdike, na kwa jirani yao Anne Whittle, aliyeitwa Chattox. Wote wawili walikuwa wa miaka themanini hivi. Demdike alikuwa kipofu. Alifia gerezani Lancaster kabla ya kesi. Karani wa mahakama, Thomas Potts, aliyechapisha habari za kesi mwaka 1613, alimweleza Chattox kama kikongwe aliyenyauka na kuishiwa nguvu, macho yake karibu yamezimika. Tarehe 20 Agosti 1612 alinyongwa pamoja na wenzake tisa, Alizon akiwa mmojawao. Yule mwanamke wa juu ya ua alikuwa ameteremshwa ndani ya boma, akapewa fimbo na macho mabovu, akaitwa kwa jina lake la ubatizo.

Sheria za kuwanyonga wachawi zilifutwa Uingereza kwa sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka 1736. Kuanzia hapo kosa halikuwa kuloga. Kosa lilikuwa kudai kwamba unaweza kuloga. Hata hiyo nayo ilifutwa mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, alichapisha kitabu kuhusu dini ambayo wafuasi wake leo wanaiita Wicca. Wanalitamka wika, kwa k, tamko ambalo Alfred asingelitambua. Wanalibeba neno hilo kwa fahari, nami siwalaumu.

Lakini kabla ya kufutwa nyumbani, neno lilikuwa limepanda meli. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria yake ya witchcraft mwaka 1925, na ya Tanganyika mwaka 1928. Soma fasili katika ile ya Tanganyika, ambayo leo ni Sura ya 18 ya sheria za Tanzania: inajumlisha kuloga, vifaa vya kulogea, kudai kuwa na nguvu za siri, na hata kudai kuwa na elimu ya siri. Kwa Kiswahili tuna mchawi na tuna mganga, tuna kuloga na kuagua, kupiga bao na kutoa tego. Mtu anayekwenda kwa mganga amekwenda kumkimbia mchawi. Mwandishi wa sheria alifanya kama wale watawa wenye orodha zao: alikuwa na neno moja kubwa kutoka kwao, akawafunika nalo wote. Yule mganga wa kichomi, pamoja na mimea yake mitatu na kisu chake, angesimama kizimbani Tabora kama mchawi. Na aliyeuawa kwa kutuhumiwa uchawi naye hakupata kinga. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumuua mwanamke waliyeamini ni mchawi. Adhabu ikapunguzwa baadaye. Mbele ya hakimu, imani yao ilitafsiriwa kwa neno lile lile la Alfred na la Pendle.

Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamekatwa hivyo hivyo, na mara nyingi baada ya mazishi huzuka swali la shamba, kama lilivyozuka Ailsworth. Usukumani alama iliyotajwa kuliko zote ni macho mekundu. Macho ya wanawake wa Scot yalitoa machozi, ya Chattox yalikuwa yanazimika, ya Demdike yalikuwa yameshazimika. Ya bibi wa Shinyanga yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, ndani ya boma, mahali alipowapikia wanawe na wajukuu zake.